Je, wajua kwa nini kompyuta mpya huwa bubu ukiiwekea Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, ilhali ya mtumba huimba papo hapo?

Niliwahi kuziweka mashine mbili juu ya meza moja. Ya kwanza ilikuwa ya mtumba, ya mwaka 2013, pembe zimechubuka na kibandiko cha ofisi ilikotoka bado kimeganda mgongoni. Ya pili ilikuwa ya binamu yangu, mpya, hata plastiki ya kioo hajaibandua. Flashi ilikuwa moja, Debian 12 ileile, mojawapo ya Linux zinazojulikana sana. Kuukuu ikamaliza kusakinishwa, ikawaka, ikapiga muziki bila kubembelezwa. Mpya ikanyamaza. Kunyamaza kwenyewe kungekuwa afadhali: ukiburuta dirisha lilikuja kwa mikupuo, feni inavuma kama ya jikoni, na mwanga wa kioo haukubali kupunguzwa. Binamu yangu akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Kidonda hiki kina sababu, na sababu yenyewe ni ya kalenda zaidi kuliko ya ufundi.

Ukinunua mashine yenye Windows, aliyeitengeneza ameshapakia draiva, yaani vile vijiprogramu vinavyojua kuongea na kila kifaa, kabla boksi halijafungwa. Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, hubeba karibu draiva zake zote tumboni, ndani ya kerneli. Kerneli ndiyo kiini: inakaa kati ya vyuma na programu, na hakuna programu inayogusa spika, diski au kioo bila kupitia kwake. Ndiyo maana kwenye Linux huhangaiki na CD ya draiva. Ama kerneli inakijua kifaa, ama haikijui.

Kerneli mpya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10 hivi, lakini distro nyingi, yaani Linux zilizofungashwa tayari kwa matumizi kama Debian na Ubuntu, hazikimbizani nayo. Debian huchagua moja na kuishikilia maisha yote ya toleo, ikiipa marekebisho ya usalama na hitilafu tu. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na kerneli 6.1, iliyokamilika Desemba 2022. Mashine ya binamu yangu ilikuwa na prosesa ya Intel Core Ultra ya kizazi cha kwanza, familia iliyozinduliwa Desemba 2023. Piga hesabu. Intel hupeleka draiva zake kwenye kerneli mapema, lakini ile ya picha kwa familia hii ilihesabiwa kuwa ya majaribio hadi kerneli 6.7 ya Januari 2024. Nilikuwa nimempa mwenyeji wa mtaa daftari la mwaka juzi na kumuuliza habari za mpangaji aliyehamia jana.

Ile ya mtumba nayo ilikuwa imeishi zaidi ya miaka 10 mikononi mwa watu wa Linux duniani kote. Kila ila yake ilishaonekana, ikalalamikiwa, ikarekebishwa. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu chochote, fungua terminali uandike uname -r. Namba itakayotokea ni toleo la kerneli yako. Tafuta lilitoka lini, kisha tafuta prosesa yako iliingia sokoni lini. Kama kerneli ni mzee kuliko chipu, acha kupoteza usiku kwenye mipangilio ya sauti.

Tuseme umri si tatizo, au umeshaweka kerneli mpya, na bado kimya. Sauti kwenye kompyuta husafiri kama ndoo ya maji kwenye mstari wa watu wanaozima moto. Programu ya muziki humpa PipeWire, msimamizi wa sauti za programu zote, PipeWire humpa ALSA, mfumo wa sauti ulio ndani ya kerneli, ALSA huipitisha kwa draiva, draiva kwa chipu ya sauti, chipu kwa amplifaya, na amplifaya ndiyo inayotikisa spika. Mmoja akiiangusha ndoo, wengine hawapigi kelele. Wanaendelea kunyoosha mikono. Programu itakuonyesha wimbo unakwenda, sekunde zinahesabika, na husikii kitu.

Watu hao hawakuajiriwa siku moja. ALSA ilianzishwa mwaka 1998 na Jaroslav Kysela, ikawa njia rasmi ya sauti katika kerneli 2.6 ya Desemba 2003. PulseAudio ilikuja mwaka 2004 ili programu nyingi ziweze kutoa sauti kwa pamoja. PipeWire ya Wim Taymans ndiyo iliyoirithi, Fedora ikitangulia kuiweka kama chaguo la kawaida katika toleo la 34 la mwaka 2021. Nayataja haya kwa sababu ushauri mwingi utakaoupata mtandaoni ni wa zama za PulseAudio, na kuufuata kwenye mashine ya leo ni kumtibu mgonjwa aliyekwisha kuhama wodi.

Anzia katikati ya mstari, usianzie mwanzoni. Amri ya aplay -l huorodhesha kadi za sauti ambazo ALSA inaziona. Ikikuletea orodha, tatizo liko juu, upande wa programu: pengine kiwango kimezimwa, au sauti inapelekwa kusikokuwa na spika. Kwenye terminali fungua alsamixer, kirekebishi cha viwango vya ALSA: nguzo yenye herufi MM chini yake imefungwa mdomo, na kitufe cha M kinaifungua. Kosa lingine la kawaida sana ni HDMI. Waya wa kioo cha nje hubeba sauti pia, hivyo kompyuta nyingi huhesabu HDMI kama kadi ya sauti kamili, na mara nyingine ndiyo hupewa namba ya kwanza. Muziki wako unapigwa kwa ufasaha mkubwa kwenye kioo kisicho na spika. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua spika za ndani, umemaliza.

Aplay isipoleta kitu, na mipangilio ikaonyesha "Dummy Output" peke yake, tatizo liko chini, upande wa draiva na chipu. Dummy Output ni spika ya kubuni ambayo mfumo hujiwekea ili programu zisianguke kwa kukosa pa kupeleka sauti. Hapo andika lspci -k. Utaona kila kifaa na draiva inayokishika. Kifaa cha sauti kisipokuwa na mstari unaotaja draiva inayotumika, umempata aliyeangusha ndoo.

Kwenye mashine za Intel za miaka ya karibuni, mara nyingi anayekosekana ni famuweya. Hii ni programu ndogo inayofanya kazi ndani ya chipu yenyewe, na chipu hizi hazijui kitu hadi kerneli izipakizie kila mashine inapowaka. Famuweya ya sauti ya Intel huitwa Sound Open Firmware, na kwenye Debian imo katika kifurushi cha firmware-sof-signed. Draiva ikiwepo na famuweya ikakosekana, ni kumwita fundi aje bila kisanduku cha vifaa. Ukiandika sudo dmesg na kupekua maneno "sof" na "firmware", kerneli itakutajia kwa jina faili iliyoitafuta ikaikosa. Kwa miaka mingi Debian haikuweka famuweya zisizo huria ndani ya flashi yake ya kawaida, kwa msimamo wa kanuni. Wanachama walipiga kura mwaka 2022 wakaubadili, na tangu toleo la 12 zimo. Mimi nawaheshimu kwa msimamo ule wa zamani, lakini nilishakesha nikizitafuta, na sitaki kurudi huko.

Ukihitaji sauti leo kabla ya kupata suluhisho kamili, kuna njia ya mkato inayofanya kazi kwenye mashine nyingi za Intel: ongeza snd_intel_dspcfg.dsp_driver=1 kwenye mstari wa kuwashia kerneli. Unailazimisha itumie draiva ya kizamani. Spika hurudi, lakini maikrofoni za ndani mara nyingi hupotea.

Hali ninayoipenda kuliko zote, ingawa inakera, ni hii: hedifoni zinasikika, spika za ndani hazisikiki. Chipu ya sauti ina pini kadhaa, na kiwanda huandika kwenye BIOS, programu ya kiwandani inayoiamsha mashine, pini ipi imeungwa na spika, ipi na tundu la hedifoni. Viwanda vingi huandika kwa uzembe, maana draiva yao ya Windows tayari inajua ukweli. Mashine mpya zimeongeza jambo jingine: amplifaya zenye akili zao, kama CS35L41 ya Cirrus Logic, ambazo huungwa kwa njia ya pembeni na hubaki zimelala mpaka mtu aziamshe kwa amri maalumu. Watu wa kerneli wamelimaliza hili kwa orodha. Draiva ya chipu za Realtek ina daftari refu la vituko, mamia na mamia ya mashine, kila moja na namba yake ya utambulisho na maelezo ya jinsi ya kuitendea. Mashine isiyomo humo huchukuliwa kuwa imesema kweli kwenye BIOS.

Kasi sasa. Kompyuta mpya ikiwa nzito kuliko kuukuu, usimlaumu prosesa kwanza; tazama nani anachora. Draiva ya picha isipokuwepo, mfumo hauzimi kioo, bali humtwika prosesa kazi ya kuchora kila dirisha na kila kivuli. Ukurasa wa maelezo ya mfumo utakuambia: palipopaswa kuwa na jina la kadi ya picha patakuwa na neno llvmpipe. Ukiliona, ndiyo maelezo ya feni, ya mikupuo na ya betri inayoyeyuka. Hiki ndicho kilichoikumba mashine ya binamu yangu, na chanzo chake kilikuwa kilekile cha ububu: kerneli 6.1 haikumtambua mpangaji.

Watu hushtuka pia wakikuta kidhibiti cha mwendo wa prosesa kimeandikwa powersave. Kwa prosesa za Intel zinazotumia draiva ya intel_pstate neno hilo halimaanishi zimefungwa breki; hupanda zenyewe kazi ikizidi. Liache. Afadhali uangalie chaja. Mashine nyingi za Type-C zikichomekwa kwenye chaja dhaifu ya simu hushusha mwendo kimyakimya, na hakuna amri ya Linux itakayotibu hilo.

Kupata kerneli mpya si jambo la kutisha. Debian ina ghala liitwalo backports, lenye kerneli na famuweya mpya zaidi zilizotayarishwa kwa toleo lako. Ubuntu 24.04 ilianza na kerneli 6.8, na matoleo madogo yanayofuata huleta mpya zaidi. Linux Mint ina orodha ya kuchagua ndani ya programu yake ya masasisho. Kerneli ya zamani haifutwi papo hapo. Mpya ikikataa kuwaka, rudi kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuwashia mashine, uchague iliyotangulia. Tahadhari moja: Secure Boot, ulinzi unaokagua sahihi za programu mashine inapowaka, ikiwa imewashwa, draiva zinazojengwa nje ya kerneli, ya NVIDIA ikiwa mfano maarufu, zisipotiwa sahihi hukataliwa mlangoni.

Kuna watakaokushauri ujenge kerneli yako mwenyewe ili mashine iende kasi. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za kumbukumbu ya megabaiti 8, kila draiva isiyohitajika ikila nafasi. Leo draiva nyingi, ingawa huja pamoja na kerneli, hukaa kwenye diski na huitwa zinapotakiwa, kwa hiyo kasi utakayoipata ni ya kuisimulia kuliko kuiona. Ukitaka kujifunza, jenga, ni somo zuri. Ila ujihadhari na make localmodconfig, amri ya kuandaa ujenzi huo, ambayo huacha nje draiva zote zisizotumika dakika hiyo: mtu huijenga flashi ikiwa mfukoni, kisha akiichomeka kesho anakuta mashine haijui flashi ni nini.

Mashine ya binamu yangu niliiwekea kerneli na famuweya kutoka backports. Ikawaka upya, llvmpipe ikatoweka, madirisha yakateleza, feni ikatulia. Aplay ikaorodhesha kadi. Hedifoni zikaimba, spika zikabaki kimya: amplifaya zenye akili, na namba ya mashine yake haikuwemo kwenye daftari. Akanunua spika ndogo ya Bluetooth, akaizoea, akaacha kuniuliza.

Miezi kadhaa baadaye alinipigia simu usiku. Alikuwa amesasisha mfumo kama kawaida, akawasha upya, akafungua video bila kuunganisha ile spika ndogo, na chumba kizima kikaamka. Akauliza nimemfanyia nini. Sikuwa nimemfanyia kitu. Nilifungua orodha ya mabadiliko ya kerneli nikaitafuta namba ya mashine yake, nikaikuta: mstari mmoja, umepelekwa na mtu tusiyemjua ambaye naye alinunua mashine kama hiyohiyo.