Filta ya wazi haikuongezei nguvu, inakuongezea kelele

Vijana wengi hapa Tanga wanaamini ukitoa boksi la eaklina (lile linalofunika filta ya hewa ya injini) kwenye Toyota IST ukafunga ile filta ya wazi basi gari inapata nguvu. Jamani, hapana. Boksi la kiwandani lina mdomo unaovuta hewa kutoka mbele, mbali na joto la injini, sasa ukilitoa filta inabaki uchi chini ya boneti inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto inabeba oksijeni kidogo, we simama kwenye mataa saa saba mchana na jua letu hili halafu ondoka uone gari ilivyo nzito. Halafu zile filta za kupaka oili, ukizidisha inaenda kunasa kwenye kale kawaya kembamba ka sensa ya hewa, taa ya cheki injini hiyooo. Unachopata ni muungurumo tu (mtamu, sikatai).

Gari ya tabo (ile yenye feni ya kusukumia hewa kwenye injini) habari nyingine, fundi anayejua akigusa programu ya kompyuta ya gari nguvu inaongezeka kweli, ingawa klachi na giaboksi navyo vinaumia. Ila IST ya cc 1300? Hela hiyo weka kwenye matairi, brekipedi na plagi orijino.