Kwa nini mtindo wa kipepeo huwamaliza wenye mabega makubwa?

Kaa kando ya bwawa wakati wa mazoezi. Kijana aliyejazia anaanza kuogelea mtindo wa kipepeo, ule wa kurusha mikono yote miwili mbele kwa pamoja juu ya maji, kwa kishindo, maji yanawarukia watu kwenye viti, na kabla ya kufika katikati ameng'ang'ania kamba ya njia yake. Njia ya pili anapita binti mwembamba wa darasa la sita bila papara, anageuka, anarudi.

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba binti ni mwepesi. Nyuma yake kuna imani iliyoota mizizi: kwamba kipepeo ni mtindo wa mikono, na asiyeweza aende kunyanyua vyuma. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa mikono ndiyo inayoonekana juu ya maji. Lakini mwenye kuitegemea hugandamiza maji kwa viganja ili kichwa kitoke apate hewa. Kichwa kinatoka kweli, ila nyonga zinazama, mwili unasimama mshazari, na maji yanamkaba kifuani. Mkupuo unaofuata unahitaji nguvu zaidi ya uliopita. Mabega makubwa hapo yanasaidia kitu kimoja tu: kurudia kosa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka.

Historia nayo imechangia. Miaka ya 1930 huko Marekani, waogeleaji wa mtindo wa chura, ambao mikono yake kwa kawaida hurudi mbele ndani ya maji, waligundua kwamba kanuni hazikuwazuia kuirudisha kwa kuipitisha hewani. Hiyo ndiyo mikono ya kipepeo. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, kocha David Armbruster na mwogeleaji Jack Sieg wakaongeza teke la pomboo, miguu miwili ikipiga pamoja juu na chini. Mikono ilikubaliwa mashindanoni, teke likakataliwa. Ndiyo maana mwaka 1952, kwenye Olimpiki ya Helsinki, John Davies wa Australia alitwaa dhahabu ya mita 200 za chura akitumia mikono ya kipepeo! Mwaka huohuo mitindo ikatenganishwa, na Melbourne 1956 kipepeo kikapata medali zake. Kwa hiyo kwa miaka mingi kipepeo cha mashindano kilikuwa kweli mtindo wa mikono, kwa sababu injini yake ilikuwa imepigwa marufuku.

Injini yenyewe huanzia kifuani. Chukua dumu tupu, lifunge kifuniko, ulisukume chini ya maji: linagoma, na ukiliachia linachomoka. Lifunge sasa kwenye ncha moja ya ubao mrefu. Ukizamisha upande wa dumu, upande wa pili unainuka. Ukiachia, dumu linapanda lenyewe na ncha ya pili inashuka. Kifua chenye mapafu yaliyojaa hewa ndicho dumu, nyonga na miguu ndiyo ncha ya pili. Mikono inapoingia majini mbele ya mabega, kifua kinagandamizwa kidogo, nyonga zinapanda, na teke la kwanza linapigwa. Kisha kifua kinarudi juu chenyewe, wakati uleule mikono inapovuta na mdomo unapotaka hewa. Teke la pili linapigwa viganja vikimalizia kusukuma karibu na mapaja, ili mikono itoke bila kuburuzwa.

Kugandamiza "kidogo" ni kiasi gani? Makocha hawajakubaliana, na mabingwa wenyewe hutofautiana. Ukizidisha, unaogelea kwenda chini na juu kuliko mbele. Wala nguvu si bure: Mkenya Jason Dunford, aliyeweka rekodi ya Olimpiki ya sekunde 51.14 katika mchujo wa mita 100 Beijing 2008 (ikavunjwa na Milorad Čavić katika kundi lililofuata), hakuwa mtu dhaifu. Ila nguvu hulipa baada ya mpangilio.

Basi mazoezi huanza kwa kuinyima mikono kazi. Iweke kando ya mapaja, sukuma kifua chini, achia. Matako yakichungulia juu ya maji, uko sawa. Kikiinama kichwa peke yake, bado. Halafu nenda kwenye kina kirefu, simama wima, kunja mikono kifuani na upige teke la pomboo kwa sekunde 15 hivi. Anayesukuma maji upande mmoja tu ataanza kusafiri badala ya kubaki palepale.

Baadaye ndipo mkono mmoja uvute, mwingine ukiwa umenyooshwa mbele, mateke yakibaki mawili kwa kila mvuto. Kisha changanya: kulia mara mbili, kushoto mara mbili, yote miwili mara mbili. Zoezi hili lina kasoro yake, kwani mwili huelekea kubingirika upande, jambo lisilokuwepo katika kipepeo kamili. Lisikae wiki nzima peke yake. Kipepeo kamili kiogelewe mita 12 au 15, upumzike. Teke la pili likipotea, simama hapohapo, hata kama ukuta umebaki mita tano.

Mapezi ya mpira miguuni yanasaidia kuhisi wimbi la mwili, lakini pia yanaficha teke dhaifu, kwa hiyo raundi za mwisho ziogelewe bila mapezi.