Mto wa Pili Hautibu Shingo

Ni nadra wiki kupita bila mgonjwa mwenye shingo iliyokakamaa kunieleza kwamba, tangu maumivu yaanze, ameongeza mto wa pili ili shingo ipate egemeo. Kati ya dhana zote ninazozisikia katika kazi yangu ya fiziotherapia, hii ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa kuwa mara nyingi dawa anayojipa mgonjwa ndiyo inayomzidishia maumivu.

Pingili saba za shingo zimejipanga kwa mpindo mdogo unaoelekea mbele. Mtu anayelala chali juu ya mito miwili hubanwa kidevu kuelekea kifuani, mpindo ule ukapotea, na misuli ya kisogoni ikabaki imevutika usiku kucha. Ni nani angekubali kushinda mchana kutwa ameinama hivyo? Kazi ya mto ni kujaza nafasi iliyopo kati ya shingo na godoro. Anayelala chali humfaa mto mfupi. Anayelala ubavu anahitaji uliopanda zaidi, kwa kadiri ya upana wa bega lake, na bega lenyewe libaki juu ya godoro. Godoro laini humeza bega, kwa hiyo kimo cha mto nacho hupungua.

Mama mmoja aliniletea mto wake wa sufi, ulioshindiliwa hadi ukawa mgumu kama gogo. Tulifumua mshono wa pembeni, akalala ubavu, nami nikawa natoa sufi konzi baada ya konzi hadi pua yake ikalingana na katikati ya kifua. Namsihi kila mtu ajaribu hilo kabla ya kununua mto mwingine.

Wapo wanaoamini kwamba kulala bila mto ni bora kwa kila mtu. Sivyo: anayelala ubavu bila mto, kichwa chake huning'inia upande mmoja. Maandishi ya “mto wa tiba” kwenye mfuko nayo hayajui upana wa bega lako. Kumwekea mtoto mchanga mto ili kichwa kikae vizuri ni hatari, kwani unaweza kumziba pumzi. Asiwekewe mto kabisa kabla ya kutimiza mwaka 1.

Na ikiwa maumivu yanashuka mkononi pamoja na ganzi, au vidole vinapoteza nguvu, acha kubadilisha mito, umwone daktari.