Mageuzi ya lugha: kutoka mlio hadi sentensi

Mageuzi ya lugha ni mabadiliko ya muda mrefu yaliyowatoa wazee wetu wa kale kwenye milio na ishara za jambo lililopo mbele yao, yakawafikisha kwenye usemi wenye sarufi. Kupashana habari tu hakutoshi kuitwa lugha.

Watazame tumbili, jamaa za hawa wa Pemba. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha matokeo ya utafiti wao wa Amboseli, Kenya. Walirekodi milio ya tahadhari, kisha wakawasikilizisha tumbili kwa kipaza sauti pasipo na adui yeyote. Wakisikia mlio wa chui, walipanda mitini. Wa tai, walitazama juu. Wa nyoka, walisimama kwa miguu ya nyuma wakakagua majani. Kila adui na mlio wake. Lakini tumbili hana namna ya kusema chui alipita jana, wala kwamba leo hayupo.

Sasa chukua “sikumwona”: si-ku-mw-on-a. Vipande vitano, na humo mna msemaji, ukanushi, wakati, mtendwa na tendo. Badilisha kimoja upate “sikuwaona”. Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, lahaja za Kiswahili za Zanzibar, vina mfumo kamili wa namna hii. Anayeviita lugha changa amekosea.

Kosa jingine ni kulipatia koo sifa zote. Ni kweli kwamba zoloto, kile kisanduku cha sauti, limeshuka kwa binadamu mzima, na hilo huzipa irabu nafasi. Ila kulungu wekundu dume wa Ulaya nao zoloto lao limeshuka, na hawasemi neno. Uzito uko kwenye ubongo: kuitawala sauti kwa hiari, kuiga, na kupanga vipande.

Tena sauti si lazima. Kuanzia 1977, watoto viziwi walikusanywa shuleni Managua, Nikaragua, wakafundishwa kusoma midomo kwa Kihispania, bila mafanikio makubwa. Uwanjani wakaunganisha ishara walizotoka nazo majumbani. Waliokuja baadaye, wakiwa wadogo zaidi, ndio walioziongezea sarufi. Ndiyo maana hoja kwamba mikono ilitangulia mdomo haipuuzwi, ingawa bado inadaiwa jibu: kwa nini basi sauti ndiyo iliyoshika usukani? Giza, na mikono yenye kazi, huenda vilichangia.