"Marehemu alisema azikwe pale"

Neno hilo likitamkwa matangani, kamati ya mazishi huona kesi imekwisha. Haijaisha. Kwa sheria ya Kenya maiti si mali ya mtu, kwa hiyo huwezi kuigawa kwa wosia kama shamba. Matakwa ya marehemu hupewa uzito, lakini hayamfungi jaji.

Wenye umri wanakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika Ngong, akaieleza mahakama kwamba ndivyo mumewe alivyotaka. Ukoo wa Otieno, Umira Kager, ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Maiti ikalala mochari miezi mitano huku mawakili wakivutana, hadi Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi. Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 23, 1987. Wambui hakwenda.

Tangu hapo imezuka dhana nyingine, kwamba ukoo hushinda daima. Sivyo. Katika kesi za baadaye majaji wamezidi kuangalia nani aliishi na marehemu na uhusiano wao ulikuwaje, na wajane wamewashinda mashemeji.

Kuteketeza maiti kwa moto badala ya kuzika nako tunasema ni mambo ya Wahindi. Sivyo. Manasses Kuria, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kianglikana, aliteketezwa 2005. Mwanamazingira Wangari Maathai aliteketezwa Kariokor, Nairobi, 2011, ndani ya jeneza la magugu maji, mafunjo na mianzi, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Kanisa Katoliki liliruhusu jambo hili tangu 1963, ila halitaki majivu yatawanywe. Kwa Mwislamu ni haramu, hapo hakuna mjadala.

Na ile ya kwamba lazima maiti idungwe dawa na ilale mochari? Waulize Waislamu wa Mombasa. Mtu hufa alfajiri, huoshwa, huvikwa sanda, na alasiri yuko kaburini bila jeneza. Kinachotakiwa ni kibali cha mazishi; aliyefia nyumbani, familia huanzia kwa naibu chifu. Dawa ni ya kuchelewesha kuoza, si kinga ya maradhi. Ni wachache tu, kama waliokufa kwa Ebola au kipindupindu, ambao miili yao ina masharti yake.

Mimi niliwaita mke wangu na kaka zangu siku moja, nikawaambia wote pamoja ninapotaka kulazwa. Mjomba alinuna hadi chai ikapoa.