Si uvivu uliowanyima hati

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, na safari hii na mtu aliyesoma: watu wa Pwani ni wavivu, ndiyo maana wamekuwa maskwota, wakaaji wasio na hati, kwao wenyewe. Nafanya kazi ya msaada wa sheria hapa Malindi, na neno hilo limenichosha.

Tuanzie 1908. Serikali ya Mwingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa maili kumi wa Pwani ya Kenya: mwenye dai aende akalithibitishe, na ardhi isiyodaiwa iwe ya Mfalme. Sheria ile ilimjua mtu mmoja na shamba lake. Ardhi ya mbari haikuijua. Mwarabu, Mhindi na baadhi ya Waswahili wa mjini walipata hati; Mmijikenda, mwenyeji wa Pwani, aliwekwa kwenye kundi la watu wa hifadhi ya Nyika, eneo walilotengewa huko bara. Waliotoka utumwani 1907 walibaki mikono mitupu kwenye mashamba ya mabwana zao. Na Wagiriama, ambao ni Wamijikenda, wa kaskazini ya mto Sabaki, 1914, walifukuzwa kwa bunduki na nyumba zao zikachomwa.

Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, ambayo Sultani wake ndiye aliyehesabiwa mwenye ukanda huo, walikubaliana kwamba hati zilizosajiliwa zitaendelea kutambuliwa. Walichagua hivyo. Wangeweza kuchagua vingine.

Kutoka hapo hadi selo si mbali. Mwenye hati anauza shamba ambalo hajalikanyaga, mnunuzi anapeleka karatasi kituoni, na mzee aliyezaliwa pale anashikwa kwa kuingia shamba la watu. Mgogoro wa umiliki si wa polisi, ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

"Si wana ile miaka 12?" huniuliza, yaani kanuni kwamba aliyekalia ardhi ya mtu miaka 12 bila idhini anaweza kuidai iwe yake. Jamani! Ukikaa kwa ijara, yaani unamlipa mwenye hati kodi ya ardhi, umekaa kwa idhini, hesabu haianzi. Ikiwa ni ardhi ya serikali, hata ukae miaka 80 haikusaidii. Mahakama ya Rufani ikiketi hapa Malindi 2015 ilisema kanuni hiyo ya miaka 12 haipingani na Katiba, sawa, lakini bado ni lazima ufungue kesi na uthibitishe.

Na kuthibitisha kwenyewe ndiko kunakonitia shaka na kazi yangu. Ili ashinde, skwota akubali kwanza kwamba ardhi ina mwenyewe, naye aliingia bila ruhusa. Majuzi nilimwandikia bibi mmoja kiapo. Akaniambia, "Mwanangu, andika mnazi ule kaupanda babu yangu." Nikamwambia nitauandika, ila uonyeshe alivyokaa, si alivyomiliki. Akaniuliza tofauti yake mara mbili. Mara ya pili sikuwa na jibu. Akatia dole gumba.