"RPC: Timed out" na dhana nyingine zinazopoteza siku nzima

RPC (programu kuita prosija iliyo kwenye kompyuta nyingine) inayozungumziwa hapa ni ile ya Sun, kwa lugha ya C kwenye Linux, kupitia rpcgen (hutunga msimbo wa mteja na wa seva) na libtirpc (maktaba ya RPC).

Dhana: "Timed out" maana yake mtandao mbovu

Mara nyingi mtandao unasingiziwa. Msimbo wa rpcgen hungoja jibu sekunde 25, basi. Upande wa seva, svc_run, kitanzi kinachopokea maombi, huhudumia ombi moja moja. Prosija moja ikikwama sekunde 30 ikisubiri hifadhidata, walio nyuma yake kwenye foleni hukatiwa, ilhali ping inajibu vizuri kabisa. Dalili: ombi likiwa peke yake hupita, kumi kwa pamoja hufa. Kurefusha muda kwa CLSET_TIMEOUT ni kutuliza maumivu tu. Prosija ipokee kazi, irudishe namba ya kufuatilia, kazi yenyewe ifanywe na thredi nyingine, kisha mteja arudi kuuliza.

Dhana: rpcgen -M huipa seva thredi nyingi

Haiipi hata moja. Inachofanya ni kuondoa mtego huu ulio kwenye msimbo wa mteja:

`static int clnt_res;`

Anwani ya kigeu hicho ndiyo hurudishwa kama jibu, na thredi zote hukitumia hicho hicho. Thredi A inaita jumlisha 2 na 3. Kabla haijasoma jibu, B inaita jumlisha 40 na 2. A inasoma 42. Au inasoma sifuri, kwa sababu kila mwito huanza kwa memset, inayokijaza kigeu hicho sifuri. Hakuna ujumbe wa kosa, na ndiyo maana hitilafu hii huwasumbua watu wiki nzima. Ukitumia -M unaandika `jumlisha_1(&hoja, &jibu, clnt)`: nafasi ya jibu ni yako, na kinachorudi unakilinganisha na RPC_SUCCESS. Kwenye seva utadaiwa pia prosija ya _freeresult yenye xdr_free ndani yake, ya kuachilia kumbukumbu ya jibu; ukiisahau, hatua ya kuunganisha msimbo (linking) hushindwa.

Dhana: CLIENT moja (kiungo cha mteja kwa seva) yatosha thredi zote

libtirpc huweka kufuli kwenye soketi, kwa hiyo miito haichanganyiki, ila inapanga foleni. Kila thredi iunde CLIENT yake kwa clnt_create.

Dhana: ikionekana kwenye rpcinfo -p, iko hai

Hilo ni daftari tu la rpcbind, huduma inayoorodhesha programu za RPC na poti zake. Seva iliyouawa kwa kill -9 haipati nafasi ya kujifuta humo. Iulize programu yenyewe, namba ikiwa ya desimali (hii ni 0x20000001):

`rpcinfo -t seva 536870913 1`

Amri hii huita prosija 0, isiyofanya kazi yoyote ila kujibu. Ukiona "ready and waiting", ipo. "Connection refused" ni usajili wa marehemu: ufute kwa `rpcinfo -d 536870913 1`. Ikining'inia, irudie ukiwa kwenye seva yenyewe. Ikijibu huko, shaka iende kwa fayawoli: poti 111 ya rpcbind imefunguliwa, lakini programu ina poti yake nyingine, ambayo kwa kawaida hubadilika kila inapowashwa. Ikining'inia hata huko, svc_run imekwama ndani ya prosija.

Dhana: muda ukiisha, kazi haikufanyika

Huenda imefanyika, na jibu ndilo lililopotea. Kwa UDP (usafirishaji usiohakikisha kuwa ujumbe umefika), maktaba yenyewe hutuma tena ombi lile lile kabla muda haujaisha, hivyo "toa 500" inaweza kutekelezwa mara mbili. Mteja atoe namba ya kipekee ndani ya hoja, seva iikague kabla ya kugusa salio.